Mstari Usiosogea

Vita nilijifunza kwenye simu, peke yangu, katika chumba changu cha kupanga mjini, Kilakala. Chuo sikufika. Aliyefika ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekwenda kusoma ng'ambo kwenye nchi ya theluji. Ada ilipomshinda, akasaini mkataba wa kupigana vita visivyo vyake.

Tangu hapo nikawa nachora kwa penseli ramani ya uwanja wa vita, na mstari unaoyatenga majeshi mawili. Mstari ukipinda vibaya nilichana karatasi, nikaanza upya. Nilijiambia kwamba nikikosea mahali pamoja tu, yeye ndiye atakayeumia. Najua ni ujinga.

Kila Jumamosi nilipanda mlimani Kinole, kijijini kwetu, na karatasi yangu. Mama mkubwa alikuwa akianika karafuu uani. Kusoma ramani hakujua, ila aliuliza swali lilelile: mstari umesogea? Nikamjibu haujasogea. Alishusha pumzi, akarudi kwenye karafuu zake.

Kuna vita ambavyo havitafuti kufika popote. Kila upande hukaa palepale ukingoja mwenzake aishiwe watu kwanza. Mstari ukitulia, ndipo watu wanapokwisha. Nilikuwa nimeyasoma hayo mara nyingi, na bado nilipanda mlima nikampa jibu lile, kwa kuwa ndilo lililompa usingizi.

Habari zilitoka kwa mwanafunzi mwenzake. Ameuawa, na mwili haukuokotwa.

Mama mkubwa akakataa msiba. Alisema mkeka hautandikwi mpaka mtoto aletwe. Miezi ikapita. Kwenye simu niliona wakubwa wakianza kukaa meza moja. Nchi iliyokuwa ikiupa upande mmoja silaha sasa ikaubembeleza ule mwingine. Nikamweleza, nikidhani nitamfariji. Akauliza, wakipatana, watamwokota? Nikazima simu.

Mwishowe ukoo ukamwita mtani. Kwetu husemwa kwamba koo hizi mbili zamani ziligombea chemchemi mpaka zikachoka kuzikana, zikakubaliana kutukanana tu. Tangu hapo mmoja akifiwa, mwenzake huja kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke.

Alikuja bibi mmoja mfupi. Aliomba koti la kaka, akalivaa likamfika magotini, akapita uani akiburuta kisigino cha kushoto, vilevile alivyotembea kaka.

"Wajinga nyie," aliwaambia wanaume. "Nyani wa shambani wamewashinda, halafu mnapeleka mtoto akapigane na barafu."

Watu wakacheka, hata mimi. Bibi akasimama mlangoni.

"Hodi. Shikamoo, mama. Nimerudi, nina njaa."

Kicheko kikakatika. Mama mkubwa aliinuka taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akaingia jikoni, akatoka na sahani ya ndizi za nazi, chakula alichokipenda kaka, akaiweka mbele ya bibi. Mimi nikaogopa. Watani hawaachi chakula cha msiba bila kukisema, na nilingoja aseme chumvi imezidi, au kwamba mpishi ana mkono wa fisi. Hakusema. Aliketi chini akala, tonge kwa tonge, machozi yakimshuka na kuingia kwenye kola ya koti. Alimaliza ndizi zote, akanawa mikono.

"Nimeshiba, mama," alisema. "Sasa niache niende."

Mama mkubwa aliichukua sahani tupu.

"Nenda, baba," akasema. "Nenda."

Kisha akauchukua mwenyewe mkeka nyuma ya mlango, akautandika katikati ya sebule, akaketi. Akanionyesha kwa mkono nikae kando yake. Ilikuwa Jumamosi, na karatasi yangu ilikuwa mkobani, imechorwa vizuri kuliko zote.

Hakuniuliza kama mstari umesogea.