Nawatakia Nyote Jiwe

Wiki jana mvua ya mawe ilitukuta bwaloni hapa shuleni tukila githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Wasichana wenzangu walikimbilia madirishani wakipiga kelele, lakini mimi nilibaki nimeshika kijiko hewani. Kabla mvua haijashika kasi, yale mawe machache ya kwanza yalikuwa yakipiga mabati tok, tok-tok, tok, polepole, kama mtu anayefikiria kabla ya kila pigo. Mlio huo naujua. Ulinirudisha nyumbani kwetu, mtaa wa Pioneer, nikiwa na miaka tisa, nimejikunja chini ya meza ya jikoni, nikimsikiliza Anti Nafula akiandika.

Ndiyo, akiandika. Mwanzoni hata mimi nilidhani anatoboa karatasi kwa sababu ya hasira tu.

Anti Nafula hakuwa ndugu yetu. Baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba la mjomba wangu huko Moiben, na yeye mwenyewe, baada ya kumaliza kidato cha nne, alikaa miaka miwili akivuna na kupukuchua mahindi pamoja naye. Kisha chuo kimoja mjini kwetu kikaanza kuchukua vijana wa familia kama yake, ambao nyumbani hakuna wa kuwasomesha, kiwafunze kuwa walimu wa watoto wenye mahitaji maalum. Chuo kiligharamia masomo. Mahali pa kulala kila mtu alijitafutia. Mama aliposikia hivyo alihamisha magunia kutoka kwenye kile chumba kidogo cha mahindi, akapiga deki, akaweka kitanda, akamwambia, "Panya watakusumbua siku mbili tatu, halafu watakuzoea." Hivyo ndivyo Mama anavyokaribisha watu.

Nafula alikuwa na sababu yake. Mdogo wake, Nekesa, haoni tangu azaliwe, na wakati huo alikuwa anashinda nyumbani akichambua maharagwe, kwa vile shule ya karibu ilisema haina mwalimu wa kumfundisha. Nafula alimwahidi kwamba akitoka mjini atamletea kusoma, vile wengine huleta mkate.

Kwa hivyo kila alasiri alikaa mezani na sleti, kile kibao cha chuma chenye vidirisha vidogo vidogo, akitoboa herufi za breli, zile nukta wanazosoma wasioona kwa vidole, kwa kisindano cha mpini wa mbao. Karatasi ilitakiwa kuwa nene, na karatasi nene huisha haraka. Akina mama wa kanisani walipojua walianza kumletea kalenda za zamani, kwa hivyo kazi zake nyingi zilikuwa na trekta au ng'ombe wa maziwa upande mmoja. Mimi aliniruhusu nipapase. Alinionyesha kuwa nukta moja ni a, na mbili zinazofuatana kwenda chini ni b. Mlangoni alibandika chati ya herufi zote, zikiwa jinsi msomaji anavyozikuta kwa kidole. Kusoma alinifunza kidogo. Kuandika hakunifunza, na hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Lazima niseme pia nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa mtoto wa kuitikia kwa kichwa. Mgeni akiniuliza jina, Mama ndiye aliyejibu. Mwalimu wangu aliandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mtulivu kupita kiasi, na Mama akasema huyo mwalimu ana adabu sana, angeweza kuandika vibaya zaidi.

Muhula wa kwanza wa Nafula ulikuwa wa majaribio. Alipelekwa kwenye darasa la watoto wasioona, chini ya Mwalimu Kirwa, ambaye mwenyewe pia haoni. Mwisho wa muhula alitakiwa awaandikie watoto wale barua ya ukurasa mzima, kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu Kirwa akiridhika, angeandikia chuo kwamba huyu aendelee. Asiporidhika, Nafula angerudi Moiben kupukuchua mahindi, na Nekesa angeendelea na maharagwe yake.

Barua aliimalizia siku ya Ijumaa, yaani karibu aimalizie. Alikuwa amefika kwenye mstari wa mwisho, "Nawatakia nyote heri", na limebaki hilo neno heri tu, wakati mawe yalipoanza kupiga mabati. Mahindi yetu yote yalikuwa uani yameanikwa kwenye turubai. Mama akaita mara moja, Nafula akatupa kisindano, akakimbia. Mimi nilikuwa na kikohozi, nikaambiwa nisitoke.

Nilikaa nikiitazama ile karatasi ndani ya sleti. Herufi nne tu. Nilitaka akirudi amelowa akute kazi imeisha. Nilikuwa nimeuona mkono wake ukianzia kulia kuelekea kushoto, kwa hivyo nami nikaanzia kulia. Nikatazama chati, nikatoboa h, e, r, i, vilevile kama zilivyokuwa mlangoni. Nikachomoa karatasi, nikaitia kwenye bahasha.

Nafula aliingia maji yakimtiririka, viganja vyekundu kwa sababu ya kuzoa. Akatazama meza. "Kwani nilimaliza?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Angekagua, najua angekagua. Lakini nusu ya mahindi yalikuwa yamelowa, ikabidi tuyatandaze sebuleni mpaka chini ya makochi, na jioni yote ikaishia hapo.

Jumamosi Mama alienda sokoni na maziwa, kwa hivyo Nafula alinichukua tukaenda wote shuleni. Mwalimu Kirwa alikuwa mrefu, amevaa sweta ya kijani, na kabla ya kugusa karatasi alinawa mikono na kukausha kila kidole peke yake. Kisha akawasomea watoto. Barua ilihusu ng'ombe aliyewahi kula sketi ya Nafula ikiwa kwenye kamba, na watoto walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mwalimu akafika mwisho. "Nawatakia nyote..." Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena. "Nawatakia nyote jiwe."

Kisha sauti moja nyembamba kutoka nyuma, "Jiwe gani, Mwalimu?"

"La kumrushia nani?" akauliza mwingine, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Nafula, unatoboa nyuma, msomaji anagusa mbele. Usipoigeuza kila herufi, heri inatoka jiwe. Hilo ni kosa la wiki ya kwanza."

"Ni kosa langu, Mwalimu," Nafula akasema. Hakuniangalia hata kidogo.

Mwalimu alikuwa bado anapapasa. "Huku juu mkono ni mzito. Hapa nukta ni nyepesi, kama kuku anadonoa. Kuna mtu mwingine aliyegusa kazi hii?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mwalimu akangoja. Nikaitikia tena, kwa nguvu, mpaka shingo ikauma. Bado anangoja, uso ameuelekeza dirishani. Ndipo nikaelewa. Kichwa changu, ambacho kilikuwa kimenitosha miaka yote tisa, mle ndani hakikuwa na kazi.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nani?"

"Jerop. Huwa namsikiliza nikiwa chini ya meza. Alipoenda kuanua mahindi nikatoboa nikifuata chati yake ya mlangoni. Akaniuliza kama amemaliza, nikaitikia."

"Ukaitikia vipi?"

"Kwa kichwa."

Hapo sasa akacheka, taratibu. "Kichwa hakisikiki, mama."

Akampa Nafula karatasi mpya, akamtajia maneno ya kuandika, moja baada ya jingine, na darasa lote likasikiliza ile tok, tok-tok. Akasoma. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa sweta, akasema chuo kitapata barua yake Jumatatu. Kisha akasema sehemu ya kosa ni ya mwalimu aliyebandika chati mlangoni akasahau kuna mtoto chini ya meza.

Tulitembea mpaka karibu na nyumbani. Nilikuwa nangoja kugombezwa. Nafula akasimama barabarani, akashika magoti, akacheka hadi boda boda moja ikapunguza mwendo kututazama. "Jiwe, Jerop. Watoto wa watu unawatakia jiwe."

Siku ile nilidhani nimeponea kipigo tu. Miaka ilibidi ipite ndipo nikaona alichokuwa anakitoa kwa yale maneno matatu, ni kosa langu. Alikuwa anatoa chuo, na kile chumba cha panya, na ahadi ya Nekesa, wakati alichohitaji ni kuninyooshea kidole, nami nilikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Majirani mpaka leo husema sisi ndio tuliomsaidia Nafula. Mimi huwa nasema moyoni kwamba hawajui hesabu yote. Kabla ya siku ile hakuna mtu aliyewahi kuingoja sauti yangu mpaka itoke.

Sasa Nafula anafundisha upande wa Timboroa, kwenye baridi kali, na Nekesa yuko darasani kwake. Jioni ya siku ile ya mvua ya wiki jana, niliitwa ofisini kuchukua bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi nene yenye nusu ya trekta upande mmoja. Nikakaa kitandani, nikafumba macho, nikaanza kupapasa. Wamesikia mtihani wangu wa mwisho wa muhula umekaribia, wameandika, na wao, darasa zima la Anti, wananitakia jiwe.

Nikarudia lile neno la mwisho. Nukta zake zilikuwa nyepesi, kama kuku anadonoa. Haukuwa mkono wa Anti, na safari hii kila herufi ilikuwa imegeuzwa sawasawa.

"Asante, Nekesa," nikasema kwa sauti, bweni zima likasikia, na wasichana wakageuka kuuliza Nekesa ni nani. Nikawaambia.