Jicho la ngege wa ukutani

Sokoni Homa Bay kuna Mjerumani anayechora samaki ukutani, upande wa wauza samaki. Kwao ni mpiga ngoma wa bendi ya roki, na mikono yake haijaambiwa kwamba huku imekuja kuchora. Akingoja rangi ikauke anapiga ndoo, anapiga ngazi, anapiga hata meza za watu. Soko zima halitulii. Juzi hata kisu kilichokuwa kikipara samaki wangu kilianza kufuata mdundo.

Siku hiyo alikuwa amemaliza kuchora samaki aina ya ngege, mkubwa kama mlango, juu ya meza ya mama ninayenunua kwake. Mama akaweka kisu chini.

"Omera, ndugu yangu, futa hiyo jicho."

"Kwa nini, mama? Si nzuri?"

"Imefifia. Hiyo ni jicho ya samaki ya jana. Kastoma akiiona, mimi nitamwambia nini?"

Mjerumani akacheka, akarudia ndoo yake. Mama akamshika mikono yote miwili, kama anayemtuliza mtoto kanisani, akamwonyesha ngege aliyetoka ziwani asubuhi.

"Wacha kelele. Angalia."

Akaangalia kwa muda mrefu, vidole kimya. Kisha akapanda ngazi, akalichora jicho upya, jeusi, lenye tone jeupe la mwanga.

Mimi nilimmwagia sifa kama tujuavyo sisi watu wa magazeti. Mama alirudia kisu chake. Ila jana nilimkuta akiwanyunyizia maji samaki wa mezani wasikauke, halafu akainua mkono, akamnyunyizia na yule wa ukutani.