Nilikata uso wangu kwenye picha ya jarida letu Brussels, mama mdogo akanitambua kwa kitenge

Wakuu, poleni na baridi huko mliko, na wenye joto tunawaonea wivu. Hii stori ni yangu mwenyewe na sijaitia chumvi. Wenye matusi yenu, kunyweni maji kwanza, msome mpaka mwisho.

Nimezaliwa Bukavu, shule nimesoma Arusha, maisha niko Brussels. Kazi yangu ni mhariri wa jarida la watu queer, yaani wapenzi wa jinsia moja na wenzao: drag (wanaume wanaopanda jukwaani na magauni), ma-DJ, klabu, na watu wanaocheza humo. Na mimi ni mmoja wao. Ndiyo, mmesoma vizuri.

Nilianza kwa kuandika ratiba za party, nikapanda kwenye captions za picha, leo cover haitoki bila mimi. Watu wanadhani nalala klabu. Kumbe asubuhi niko ofisini na chai ya tangawizi, nagombana na mwandishi aliyeita kila usiku "wa kihistoria". Naipenda hii kazi jamani, sijui niseme vipi.

Tuna sheria moja ambayo haivunjwi: hujasema ndiyo, uso wako hautoki. Wengi wana familia, kanisa, kazi. Basi tunapiga picha za viatu, mikono, nguo. Mimi ndiye bingwa wa kukata nyuso.

Sasa mama mdogo. Mdogo wake mama yangu, ndiye aliyenipokea nilipofika, nikakaa kwake Evere, humu humu Brussels, mpaka nikasimama. Muimbaji wa kwaya, sauti inasikika mpaka kituo cha basi. Yeye nilimwambia naandika "mambo ya utamaduni". Si uongo, au vipi?

Tulikuwa tunaandaa toleo la mavazi ya klabu. Deadline imefika, ukurasa wa mwisho mtupu. Mpiga picha akanionyesha picha yangu na Deo, mpenzi wangu, mwanaume mwenzangu, Mkongo wa Lubumbashi, tunacheza tumeshikana viuno. Deo akasema sawa, ila bila sura. Nikakata shingoni kwa mkono wangu, safi kabisa, nikaenda kula.

Nilichosahau ni koti.

Kwa wasiojua: kwetu kukiwa na harusi, familia inachagua kitenge kimoja (Bukavu tunaita kikwembe), kila mtu wa ndani anapewa kipande ashone. Ukipewa, wewe ni wetu. Usipopewa, ujumbe umefika bila mtu kufungua mdomo. Koti langu lilikuwa kitenge cha harusi ya mtoto wa kwanza wa mama mdogo, chenye ndege wa njano, alichokichagua yeye mwenyewe. Brussels nzima hakuna mwingine anayekivaa ila sisi.

Na jarida letu tunaligawa bure, hadi kwenye saluni za Wakongo nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles. Wazo la nani? La huyu huyu bingwa.

Mama mdogo akaenda kusuka. Akafungua ukurasa wa mwisho.

Akanipigia: "Dimanche, kisha misa, ukuye nyumba." Yaani Jumapili, baada ya misa, nije kwake. Akakata simu. Yeye ambaye kuaga tu kunamchukua nusu saa!

Wakuu, niliogopa. Harusi ya Noella, binti yake mwingine, ilikuwa inakaribia, vitenge vilishaanza kugawiwa, na changu sijakiona. Sikuogopa kupigiwa kelele. Niliogopa kuingia harusini na suti ya dukani, kama mgeni wa upande wa bwana harusi.

Jumapili nikasema leo ndiyo leo. Nikafika. Akanipa bugali, yaani ugali, na sombe, kisamvu chetu, na sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, tukala. Halafu akaleta jarida, akaliweka mbele yangu, kidole juu ya koti.

"Ni fundi gani alikushonea hii veste?"

Nikababaika. "Fundi mmoja tu, Maman, wa Ganshoren..."

"Angalia ndege. Yote iko kichwa chini! Kikwembe yenye nilichagua mimi mwenyewe! Mutoto yangu anatoka mu journal na ndege zenye zilishakufa, Bruxelles yote inaona. Franchement!"

Nikaangalia. Kweli, ndege wote miguu juu. Nimelivaa koti lile muda wote, mhariri mzima, sijaona.

Nilicheka, halafu machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. Alikaa, akavua kilemba.

"Bon. Hii mambo yenu mimi sielewe. Niliomba Mungu, niliomba tena, ata leo sielewe. Lakini haukuniambia, hiyo njo inaniuma. Nilijua kwa coiffeuse, kwa saluni, kama mutu wa inje."

Nikamwambia nisamehe, niliogopa kukupoteza. Akaniuliza, "Na huyu mwenye kukushika kiuno, iko wa wapi?"

"Lubumbashi."

"Eh! Alors, anakula sambaza?"

"Anakula, Maman."

Akaingia chumbani, akatoka na kitenge kipya cha harusi ya Noella, chenye samaki, kimekunjwa. Akanipa. Moyo ukatua. Nikaanza kushukuru, akanikatiza, akaweka cha pili juu yake.

"Hiyo ni ya kwake. Mushone kwa fundi yangu, ule wa Ganshoren asiguse. Kwa kanisa watauliza ni nani. Nitasema, munaona kikwembe? Basi, ni wetu."

Mungu si Athumani, wakuu.

Nilichojifunza: nilikuwa najificha kwa mtu ambaye angenitambua hata kwa mgongo. Sisemi kila mmoja akaseme kwao, kuna nyumba hazina mama mdogo kama wangu, na sheria yetu ya nyuso bado iko pale pale. Ila mimi nimepumua.

Deo ameshapimwa kwa fundi. Mama mdogo alisimama pale pale akikagua samaki wa kitenge kama wote wanatazama upande mmoja.

Karibuni mtiririke. Na nyie, nani kwenu aliwatambua kabla hamjasema?