Niliogopa kumuwekea kasuku wetu puce (chip), mpaka siku nilipoulizwa alama yake

Wakuu, amani iwe kwenu, maana sisi huku bado tunaitafuta.

Nimesoma uzi wa jamaa aliyeuliza kama kumwekea mnyama chip ni kupoteza muda. Nilianza kumjibu kwenye comment, ikawa ndefu, nikaona nifungue wangu. Sitaongeza chumvi. Mke wangu naye anasoma humu, angenisuta mbele yenu.

Mimi ni mtu wa duka. Asili yetu Butembo, huku mashariki mwa Kongo, ila duka nilikuwa nalo Mushaki, kwenye barabara ya Sake kwenda Masisi. Chumvi, sabuni, betri za tochi, vitu vya kawaida.

Shemeji yangu aliyeolewa Walikale ndiye alitupatia kasuku. Wakata mbao waliangusha mti, kinda akabaki chini hana hata manyoya. Akamlea kwa uji wa mahindi, kisha akamleta kwa binti yangu Neema. Tukamuita Malembe, Kilingala cha 'taratibu', kwa sababu alikula polepole kama mzee asiye na meno.

Alikaa kwenye counter. Mteja akiingia anamuuliza, "Unataka nini?" kabla yangu. Watu walikuja kununua kiberiti kimoja ili waulizwe tu na ndege.

Siku moja dokta wa wanyama, mama mmoja kutoka Goma, alipita Mushaki kuchanja mbwa. Akamuona Malembe, akasema angeweza kumuwekea puce, ili akipotea ajulikane ni wa nani.

Sasa wakuu, muelewe: huku kwetu puce ndiyo hiyo hiyo laini ya simu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Muwekee ndege puce? Aitwe na nani?"

Lakini mimi sikucheka. Miaka hii ya vita nimeona mtu akipigwa kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, kwa sababu ya namba moja isiyojulikana kwenye simu yake. Je, wakisikia ndege ya mwenye duka iko na puce ndani ya mwili? Watasema njo (ndiyo) inapeleka habari upande ule.

Nikamwambia, "Aksanti Dokta, tutaangalia." Mnajua maana ya "tutaangalia".

Miezi michache baadaye mapigano yakafika kwetu.

Tuliondoka asubuhi, mvua inanyesha. Mke wangu na mtoto mchanga mgongoni, mimi na magodoro, Neema na kitundu cha Malembe. Neema alikuwa na miaka kumi na moja. Karibu na Sake bomu likaanguka nyuma yetu, watu wakasukumana, kitundu kikaanguka, mlango ukafunguka, Malembe akaruka akapotea.

Neema hakulia. Alibaki ameshika kile kitundu kitupu mpaka Goma. Kila mara anasema, "Papa, nilikishika vibaya." Nilimwambia hapana mara nyingi sana. Haikuingia.

Tukapanga chumba, tukaanza maisha upya. Kisha dereva mmoja mteja wangu wa zamani akanipigia: "Kaka, kule Kirotshe kuko mama moja iko na kasuku. Anasema alimununua kwa mupita njia."

Tulienda, mimi na Neema. Yule mama, tumuite Mama Riziki, alitupokea vizuri, akatupa hata viti. Ndege alikuwa pale, amekonda, kimya kabisa. Neema alimjua palepale. Mimi, niseme ukweli, sikuwa na hakika. Kasuku ni kijivu, mkia mwekundu, wote hivyo.

Mama Riziki akaita chef, yaani mkuu wa mtaa. Chef akaniuliza swali moja tu: "Papa, alama yake iko wapi?"

Nikamkumbuka yule dokta, nikaona aibu.

Na Mama Riziki hakuwa mwizi, wakuu. Alikimbia Burungu, akaacha ng'ombe, shamba, kila kitu. Akasema, "Tangu nifike huku, hii ndege njo kitu ya kwanza nilipata ya kwangu. Munataka kunyang'anya tena?"

Nilikuwa nishasimama kuondoka. Neema akauliza, taratibu, "Mama, wakati wa mvua anafanya nini?"

Mama Riziki akamtazama. "Kwa nini?"

"Kwetu akiona mwavuli unafunguka, anaficha kichwa nyuma ya kitu. Hata uufungue kidogo."

Yule mama aligeuka akamtazama ndege. Kisha akasema, "Kila siku ya mvua nikifungua mwavuli anaingia nyuma ya sufuria. Nilifikiri ni baridi." Akajifuta macho na kitenge. "Muchukue. Lakini mutaniletea nimuone."

Hapo ndipo tukarudi kwa dokta wa Goma.

Mke wangu bado hakutaka. "Na kama kwenye barrière wakamupima, mashine ikalia?"

Dokta akatuonyesha hiyo puce yenyewe. Kama punje ya mchele. Haina betri, haina réseau (mtandao), haipigi simu wala haijulishi mtu mahali ulipo. Inakaa kimya na namba yake mpaka mtu aisome kwa kifaa karibu kabisa. Hakutuficha kwamba sindano ni nene kwa ndege mdogo, anaweza kutoka damu, na kwamba kule vijijini kifaa cha kusoma hakipo.

Nikamuuliza, "Ingekuwa ndege yako, Dokta?"

"Ningemuwekea. Lakini si leo. Amekonda. Mumulishe vizuri kwanza, murudi."

Nyumbani tulibishana siku kadhaa. Aliyemaliza ubishi ni Neema: "Papa, sitaki tena tuulizwe alama na tukose."

Tulimlisha chikichi na mahindi mpaka kifua kikajaa. Tukarudi. Sindano ilikuwa sekunde tu, upande wa kushoto wa kifua, tone moja la damu. Alimuuma dokta kidole, haki yake.

Kisha dokta akafungua daftari, akauliza tuandike jina la nani.

Mke wangu, yule yule aliyecheka, akasema, "Andika mawili. Letu, na la Mama Riziki wa Kirotshe. Vita ikitusukuma sisi, yeye atapatikana. Ikimusukuma yeye, sisi tuko."

Tulimpigia palepale kuomba ruhusa. Alicheka. Akatutajia jina lake lote, polepole, herufi kwa herufi, ili lisikosewe.

Nilichojifunza: hofu yangu haikuwa ya kijinga, ila niliibeba bila kuuliza swali hata moja. Ulizeni kwanza. Na kama mnyama wako ni mdogo au mgonjwa, subiri apate nguvu.

Kuna mwenye ndege mwenye chip humu? Baada ya miaka bado inasomeka? Na wanaopinga pia mseme, nitasoma yote. Jumapili hii sitakuwa online, Mama Riziki anakuja kula kwetu.