Mlisema Mama Yangu Hana Shukrani, Sasa Kamera Zinarudi

Salaam aleikum admin, na wale wa habari, habari zenu. Tafadhali ficha jina langu, Isiolo ni ndogo na kaka yangu anafuata hii page. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, Mborana, nauza nguo za watoto hapa mjini. Leo sijakuja na upole. Wengi wenu mnaosoma hapa ndio mlimtukana mama yangu, kwa hivyo kaeni chini mnisikize.

Mnakumbuka kile kipindi cha TV cha kujengea watu nyumba? Baba alipofariki, kaka yangu mkubwa alituma maombi, wakatuchagua. Mama alikuwa anaishi kwa nyumba ya kienyeji, ya fito na mikeka. Wakaja na lori, simiti, mafundi, na mtangazaji wa kucheka cheka ovyo. Nyumba ya mawe ikasimama, mabati mekundu, vigae chini, mpaka sofa. Sikatai, ni nyumba nzuri. Lakini walitaka ile ya zamani ionekane ikiharibiwa, "ndio watu waone mmetoka wapi," mtangazaji alisema. Kaka akakubali. Siku hiyo mama alitumwa mjini kushonewa dera la kuvaa mbele ya kamera. Aliporudi alikuta fito zake zinawaka moto, na kamera imeshaelekezwa usoni mwake.

Sasa wacha niwaambie kitu hamkuonyeshwa. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mama mzazi ndiye humpa binti fito na mikeka akiolewa, na binti ndiye husimamisha. Zile fito nyanya alimpa mama. Zilibebwa na ngamia kila walipohama. Hata baba akasirike vipi, hangeweza kumwambia mama toka, kwa sababu baba ndiye alikuwa anakaa kwa nyumba ya mama. Kaka anajua haya yote, amezaliwa humo ndani. Nilipomuuliza, alinijibu, "Wewe unalilia kuni?"

Mama alilia mpaka akakaa chini. Wao wakaweka muziki na kuandika machozi ya furaha. Halafu ufunguo wakampa kaka, ati ndiye mwanaume wa boma. Mama akauliza kwa Kiborana, "Fito zangu ziko wapi?" Hakuna aliyetafsiri. Mliona tu mama mzee amekunja uso mbele ya nyumba mpya.

Mkaanza. "Huyu mama anakaa ameletewa maiti, si nyumba." "Wangepea mtu mwenye shukrani." "Hao wamezoea manyatta, ngoja uone mbuzi kwa sofa." Mwingine, na profile yake ina aya ya dini, akaandika maskini akipata matako hulia mbwata. Mlicheka mkatag marafiki. Haya, na nyinyi mmejengewa nini? Mnakaa nyumba za kupanga, landlord akipiga hodi mnazima taa, lakini mna maoni juu ya machozi ya mtu hamjawahi hata kumsalimia!

Msichana wa jirani alimsomea mama hizo comments zote, na akamtafsiria vizuri kabisa. Wallahi sijamsamehe. Tangu hapo mama haendi harusi, haendi sokoni. Akiona mtu ameinua simu anavuta shela afunike uso. Aliniambia, "Mimi sikukataa nyumba. Niliuliza tu fito zangu."

Zile ambazo hazikuisha kuungua alizitoa kwa majivu mwenyewe. Akaongeza zingine, akasuka mikeka, akajenga kibanda nyuma ya nyumba ya mawe. Fito zingine bado ni nyeusi. Hiyo ya mawe anaifagia kila asubuhi na kukaribisha wageni, lakini usiku analala kwake. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Huko ufunguo ni wa kaka yako. Hapa hakuna wa kuniambia toka."

Sasa kipindi kinarudi wiki hii kuonyesha vile tunaendelea. Wamemwambia kaka kile kibanda kisionekane, kinaharibu picha. Kaka ameshaahidi kukivunja. Mama hajui. Kaka akaniita kando akasema, "Mpeleke Garbatulla kwa mama mdogo, siku mbili tu. Akirudi kumesafishwa." Nikamwambia, "Utamvunjia mara ya pili?" Akasema, "Na wakikiona kwa TV? Umesahau vile walimfanyia? Mimi namkinga."

Hapo ndipo alinishika, jamani. Kwa sababu ni kweli. Kibanda kikionekana, mtamla nyama. Mtasema tuliwaambia, huyu hafai kitu. Na comments kama zile hawezi kuzibeba tena, naogopa atakufa nazo. Lakini nikimpeleka, mkono wangu utakuwa kwa hiyo kazi. Na nikimwambia ukweli, atakaa mlangoni mpaka kamera zifike, kaka amkokote mbele yenu mkitazama.

Nilimwambia tu kwamba nafikiria twende Garbatulla kumsalimia dadake. Alifurahi! Sijamwona na furaha hiyo tangu baba afariki. Ameshaosha kibuyu cha maziwa, ameweka majani ya chai na sukari kwa mfuko. Jana alinishika mkono akanionyesha mkeka wa kibanda, ule wa upande mvua inapopiga. "Huu umechoka," akasema. "Tukirudi utanisaidia kuubadilisha."

Nikamjibu, "Sawa, mama."

Gari ni kesho asubuhi. Nyinyi mlikuwa na maoni bila kuulizwa na mtu. Leo mtoto wake ndiye anawauliza: nimpandishe hiyo gari, ama nimwambie? Semeni sasa.