Taa ya Njano na Begi la Mama Mdogo

Baba mdogo wangu alikuwa mshonaji kwa miaka arobaini, na mpaka leo akiona uzi unaning'inia kwenye shati lako anautoa kabla hajakusalimia. Ni mtu wa usafi na utaratibu. Nalisema hili mapema msije mkadhani baadaye kwamba ni mjinga. Mjinga angetusumbua kidogo tu.

Alipofunga duka lake alinunua gari dogo jeupe kwa wakala, jipya, lenye waranti ya miaka mitatu. Alilinunua kwa ajili ya safari moja. Mkewe, mama mdogo, amebakiwa na dada mmoja tu duniani, anayeishi mwendo wa saa sita kutoka kwetu, na moyo wa dada huyo umechoka. Mama mdogo naye ana chuma kwenye nyonga. Kila nusu saa lazima ashuke anyooshe mguu, na hakuna basi litakalomsubiri. Walikuwa hawajaonana miaka minne.

Wiki ya pili taa ya injini ikawaka, ile ya njano. Gari lenyewe halikuwa na neno, mlima linapanda, wala halikohoi. Lakini gari lao la zamani liliwahi kuwasha taa kama hiyo, baba mdogo akasema ni pambo tu, na pambo hilo likawaweka kando ya barabara kuu kutwa nzima, juani, mama mdogo na nyonga yake. Siku hiyo aliapa kwamba gari lenye taa hiyo hapandi tena. Na mama mdogo akisema hapana, hata mfanyeje, ni hapana.

Basi zikaanza safari za kwa wakala. Pale mapokezi kuna makochi ya ngozi, mashine ya kahawa, na dada mwenye sauti ya upole anayekuuliza tatizo ni nini kana kwamba hakukuuliza mwezi uliopita. Fundi akachomeka kompyuta yake, akabadilisha sensa moja, kile kidude cha kupima mambo ya injini, taa ikazimika. Mama mdogo akapanga begi: nguo zake, dawa zake, na gauni ambalo baba mdogo alimshonea shemeji yake kwa vipimo vya miaka minne iliyopita. Siku ya nne taa ikawaka. Begi likapanguliwa.

Mara ya pili wakabadilisha sensa nyingine. Mara ya tatu wakairudia ile ya kwanza, nadhani waliikumbuka. Mara ya nne wakakaa na gari siku tatu, kisha wakaandika kwenye karatasi kwamba hakuna kasoro iliyoonekana. Mimi ni mwepesi wa hasira, sifichi. Nilimwambia yule dada kwamba kasoro inaonekana, ni ya njano, hata mtoto mchanga anaiona. Akaniuliza kama ningependa kahawa. Nikainywa nimefura. Ilikuwa nzuri, na hilo likaniudhi zaidi.

Dada mtu alikuwa akipiga simu kila Jumapili kuuliza mafundi wamesemaje. Baada ya mara ya tano akaacha kuuliza. Aliongea mambo mengine, na mama mdogo akikata simu alikuwa anakwenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumanne moja asubuhi akapiga simu mtoto wa huyo dada mtu. Mama yake amelazwa, na anaongea kwa shida. Mama mdogo alisikiliza, akaweka simu mezani, akaanza kupanga begi bila kuuliza habari za taa. Taa ilikuwa imewaka. Baba mdogo akaniambia twende tukajaze mafuta, angalau gari liwe tayari kwa lolote.

Pale kituoni mhudumu alifungua kifuniko cha tangi, akatoa kitambaa. Kilikuwa cheupe, cha duara, kimepindwa pindo kwa mkono, kimetandazwa vizuri chini ya kifuniko. Nikauliza ni nini hicho. Baba mdogo akajibu, kwa fahari kidogo, kwamba alikishona mwenyewe wiki ile ya kwanza, siku mama mdogo alipolalamika kuwa gari linanuka petroli.

"Baba, kule kwa wakala hawajawahi kukiuliza?"

"Watakionaje? Kila nikilipeleka nalisafisha kwanza, na hicho nakitoa, nakifua. Utawapelekea wataalamu kitambaa kinachonuka? Nikirudi nyumbani nakirudisha."

Nikatembea mpaka kwenye mashine ya upepo, nikarudi. Nikampigia fundi. Akaeleza taratibu kwamba kifuniko kile lazima kibane kabisa, mvuke wa petroli ukipenya kidogo tu gari linawasha taa. Tukitoe kitambaa, tuendeshe, taa itazimika yenyewe baada ya muda. Au tulilete Ijumaa waizime, maana leo kompyuta yao ni mbovu.

Nyumbani baba mdogo alimweleza mkewe mwenyewe, amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ni mimi," alisema. "Mwaka mzima, ni mimi."

Nilikuwa na hasira naye na nilimwonea huruma mpaka macho yakaniuma. Mama mdogo akaomba kitambaa. Akakigeuza, akalitazama lile pindo. Nikajiandaa kusikia. Lakini alibeba begi, akaenda kwenye gari, akakaa mbele kwa ule utaratibu wake wa nyonga. Baba mdogo akawasha. Taa nayo ikawaka, kama ilivyozoea. Mama mdogo akanyoosha mkono akakichomeka kitambaa mbele ya ile taa, kikaifunika pamoja na nusu ya kipimo cha spidi.

"Nenda polepole," alisema. "Kila nusu saa unisimamishie."

Taa ilizimika mahali fulani njiani, wakati gani hakuna aliyeona. Walifika hospitali jioni. Dada mtu alikuwa amekonda sana na gauni likamzidi, na baba mdogo, ambaye sindano haikosi mfukoni mwake, alikaa kando ya kitanda akalipunguza, huku dada wawili wameshikana mikono wakimwelekeza.