Kufuli Lililomchekesha Mama

Mimi si mwizi. Nianze na hilo kabisa, maana huku Gitega ukikutwa na kulabu nyembamba za chuma mfukoni, watu hawakuulizi mara mbili. Mimi ni fundi wa funguo. Nina meza yangu sokoni, tupa zangu, na kopo la maziwa ya unga lenye kulabu zangu zote. Mtu akipoteza ufunguo ananiita. Naingiza kulabu, nainua pini za ndani moja moja, kufuli linafunguka, kila mtu anaenda zake.

Kufuli moja tu lilinishinda, na nililinunua mwenyewe.

Mama ndiye aliyelitaka. Tuliporudi Burundi kutoka Tanzania, nilikokulia katika kambi ya wakimbizi, yeye alibaki kijijini Gashoho kwenye shamba la marehemu baba, mimi nikaja Gitega kutafuta maisha. Kambini mlango wetu ulikuwa turubai. Sasa alikuwa na mlango wa mbao, na hakutaka mchezo nao. "Niletee kufuli," aliniambia, "ambalo hata wewe mwenyewe huwezi kulifungua." Nikaenda kwa mama mmoja Mkongomani anayeuza vyuma sokoni. Akaniwekea mezani kufuli zito, tundu lake jembamba, limepindapinda. "Fundi, iyi iko na roho mubaya," alisema. "Mi nakuambia, vraiment, utaomba pardon." Nikamcheka.

Basi ukawa mchezo. Mama akisikia tu pikipiki inapanda kilima, anatoka nje, anafunga mlango, anakaa kwenye jiwe la kando. Nami kabla hata ya kunawa mikono nimeshapiga goti. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi mmoja na rozari, na aliufunika kwa kitenge. "Usichungulie! Kazi ni ya mikono, si ya macho." Kufuli lilikuwa linageuka kidogo, nadhani limekubali, kumbe uongo mtupu: pini zake zimekatwa viunoni, zinanasa katikati ya njia. Nikisonya, mama anacheka mpaka anajifuta machozi. "Mganga hajigangi, mwana wanje!" ananiambia, yaani mwanangu kwa Kirundi chetu. "Siku utakayolifungua nachinja jogoo, na firigisi ni yako." Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Tangu baba afe, mama alikuwa anaikata vipande anatugawia mimi na dada yangu, hakuna aliyepewa nzima.

Aliugua ghafla. Alifunga mlango wake mwenyewe, akapanda gari la jirani kwenda hospitali Muyinga mjini, na hakurudi. Kinamama waliomvalisha waliona uzi wa rozari shingoni, wakaona ni vizuri aende nao. Nani angemvua? Tulipotoka kaburini, tukiwa tunanawa mikono, baba mdogo akauliza ufunguo wa nyumba uko wapi. Watu wakatazamana. Yoo! Tulikuwa tumemzika nao.

"Basi tukate," alisema baba mdogo. Hasira zilinipanda, nikamwambia mbele za watu: "Baba mdogo, unisamehe, lakini kufuli hili halikatwi. Nipe mpaka siku ya kuganduka." Kuganduka ndiyo siku ya kumaliza matanga, ndipo vitu vya marehemu hugawanywa. Alinitazama sana. Akasema sawa, ila siku hiyo atakuja na msumeno wa chuma.

Nikarudi Gitega nikaanza kazi. Spoku ya baiskeli ilikuwa nene, haikupita. Ubavu wa mwavuli ulipita, lakini ulipokutana na springi ngumu ukajikunja kama tambi. Kipande cha msumeno nilikisaga kwa mashine, kwa pupa, kikapata moto kikageuka buluu, na chuma kikishageuka buluu kimekufa, hakina nguvu tena. Mwisho nikachukua ule ukanda mwembamba wa chuma unaokaa ndani ya waipa ya gari. Huo niliuchonga kwa tupa ya mkono, polepole, nikaulainisha kwa msasa mpaka usikwaruze. Yule mama Mkongomani akaniazima kufuli la aina ileile, nikawa nafanya mazoezi kati ya mteja na mteja. Nilijifunza kwamba likikudanganya usikaze. Legeza mkono kidogo, acha pini ishuke, kisha inua tena. Nikalifungua, nikalifungua tena. Lakini la Gashoho lilikuwa na mpangilio wake, na ufunguo wake uko kaburini. Kila nilipokwenda lilinikatalia.

Ningejua tu umbo la meno yake! Ufunguo ule nimeuona kifuani mwa mama miaka yote. Nilikumbuka kitenge, nikakumbuka harufu ya moshi kwenye kitenge, nikakumbuka hata rangi ya uzi. Meno, hapana. Nililia kwa ajili ya meno ya ufunguo, mtu mzima mimi.

Jumapili moja kanisani, mama mmoja mbele yangu alikuwa anahangaika na rozari iliyonasa kwenye kifungo cha gauni lake. Moyo ulinilipuka. Rozari ya mama ilikuwa inanasa kwenye ufunguo, daima palepale, kwenye pengo moja refu karibu na ncha! Alikuwa anaivuta huku ananung'unika, sala na manung'uniko pamoja. Pengo refu maana yake ndani kuna pini ndefu, inayoning'inia. Na nyuma yake, kwenye ncha, kuna pini fupi inayotaka kuinuliwa juu sana. Kulabu zangu zote zilikuwa zinaigonga ile ndefu kabla ya kuifikia fupi. Nilihitaji kulabu yenye shingo nyembamba ya kupita chini, na pua ndefu ya kupanda nyuma yake. Nilitoka kabla ya komunyo, Mungu anisamehe, nikaenda kuichonga.

Siku ya kuganduka ua ulijaa watu. Baba mdogo alikaa na msumeno wake magotini. Nikapiga goti. Kulabu mpya ikapita chini ya pini ndefu bila kuigusa, ikainua ile ya nyuma. Kufuli likageuka kidogo, uongo wake uleule. Nikalegeza mkono, nikasubiri, nikainua tena. Ta! Likafunguka.

Vigelegele vikapigwa. Nikageukia jiwe la kando ya mlango, mdomo nimeshaufungua: "Mama, leo nimekuweza!" Juu ya jiwe mtu alikuwa ameweka jagi la maji.

Miaka yote nilitaka kushinda tu. Siku ile ningetoa chochote linishinde tena, nimsikie anavyocheka.

Watu waliingia ndani kugawana vitu. Mimi nilibaki nje. Dada yangu akatoka kwenye jiko la uani na sahani ndogo. Alikuwa amechinja jogoo tangu asubuhi, kabla hata sijafika na kulabu zangu. "Alisema ni yako," akaniambia. Ilikuwa firigisi, nzima. Niliila nimesimama palepale mlangoni, nalia, bila kumkatia mtu.